Ukucha Hauingii

Mimi ni mfanyakazi wa vijana hapa Kakuma, wale tunaoitwa wa insentivu. Nina miaka 26, nilimaliza Form Four hapa hapa kambini, na kazi yangu ni kukaa na vijana kituoni kuanzia saa tatu asubuhi mpaka jua lipoe. Ninaandika habari hii kwa sababu mwaka jana nilijaza fomu moja vibaya na vijana tisa wakalipa. "Vibaya" ni neno la adabu tu. Nilidanganya.

Kijana mwenyewe simtaji jina. Tangu akiwa shule ya msingi watu wa bloku yetu walimwita Fundi, na haya yote ameyasoma kabla hayajafika kwa wahariri. Mahali pawili alinirekebisha, pa tatu tulibishana mpaka mama yake akatufukuza barazani. Ananiita yaya. Kwa Wakenya yaya ni yule dada anayelea watoto wa wenyewe, na marafiki zangu Waturkana wamenicheka sana kwa hilo, lakini kwetu Kivu yaya ni ndugu mkubwa, awe mwanaume awe mwanamke. Tumezoea.

Kituoni tulikuwa na meza. Zamani ilikuwa mlango wa stoo, halafu mtu akaulaza juu ya matofali, ukawa meza. Hapo kulikuwa na bisibisi, koleo, testa moja ya kupima umeme, chuma cha kuchomelea waya, na tupa mbili, moja bapa na moja ya duara. Vijana walitengeneza redio na simu, lakini kazi kubwa ilikuwa taa za sola. Kama hujaishi kambini labda hujui taa ya sola ni nini kwetu. Kwenye bloku yetu hakuna stima ya serikali. Kuna wenye jenereta wanaovuta waya mpaka kwa wenye maduka na kwa anayeweza kulipa, na sisi wengine tunategemea jua, ambalo Turkana halijawahi kukosekana. Taa ikikaa muda, betri inakufa. Balbu nzima, paneli nzima, lakini betri imekufa na taa inatupwa.

Fundi ndiye aliyetuonyesha kwamba ukipasua betri ya laptopu iliyotupwa, ndani unakuta betri ndogo, mara nyingi sita, nene kama kidole gumba cha mtu mzima, na si zote zimekufa. Mbili au tatu zimeua wenzao. Zilizobaki unaweza kuziweka kwenye taa ya mama na mtoto akasomea. Zinaitwa 18650: milimita 18 unene, milimita 65 urefu. Kwa miezi kadhaa tulikuwa tunaenda kuomba laptopu mbovu ofisini kama watu wengine wanavyoomba unga. Kwa kweli ile meza ilikuwa kitu kizuri kuliko vyote tulivyokuwa navyo, na nasema hivyo nikijua wazi kwamba mimi sikuianzisha. Nilikuwa nashika funguo tu.

Mwezi wa nane kijana mmoja aliyekuja na wakandarasi kutoka Nairobi alimletea Fundi bomba la shaba ya njano. Nilipoliona nilidhani ni tochi isiyo na kioo. Ilikuwa vepu, sigara ya umeme, lakini si zile za plastiki za rangi rangi ambazo mtu anavuta na kutupa. Hii ilikuwa ya watu wanaopenda vyuma. Haina chipu, haina kioo cha kuonyesha namba, haina kitu chochote kinachofikiri. Ni bomba, betri moja ya 18650 ndani, kitufe chini, na juu unafunga kichwa chenye koili na pamba. Ukibonyeza kitufe umeme wa betri unaenda moja kwa moja kwenye koili, koili inakuwa nyekundu, yale maji yenye nikotini yanageuka mvuke. Basi. Ukiachia, inazima. Tochi ya zamani ya bati inafanya vivyo hivyo.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimetoka kufundisha kipindi cha sigara na vepu. Nilikuwa na bango, lina picha ya mapafu. Lakini nilipoona lile bomba mkononi mwa Fundi neno la kwanza kunitoka lilikuwa "lete nione." Lilikuwa zito, baridi, na lilikuwa zuri. Sikumuuliza litafanya nini kwenye mapafu ya mtu.

Shida ya mwenyewe ilikuwa hii. Kichwa chake cha kwanza kilipotea, akanunua kingine cha kampuni nyingine. Kinafunga, meno yanaingia, lakini hakikai chini kabisa. Kati ya kichwa na bomba kunabaki mwanya, unene wake kama kadi ya mgao. Ukikiinua dhidi ya jua unaona mwanga unapita. Kilikuwa kinafanya kazi! Mwenyewe amekivuta hivyo hivyo mwezi mzima bila tatizo. Ila mwanya ulimkera, alitaka kichwa na bomba vilale sawa kama kitu kimoja, na kwa hilo aliahidi shilingi 1,500. Fundi hajawahi kuvuta hata sigara, ana pumu. Alitaka ile 1,500, na zaidi ya hiyo, alitaka kuona kama anaweza.

Hapo lazima niseme habari ya baba yangu, ama hutaelewa kwa nini nilikuwa mjinga.

Baba alikuwa seremala Baraka, kwenye Ziwa Tanganyika, upande wetu wa Fizi. Alitengeneza milango, viti, vitanda vya arusi. Akimaliza kuunganisha mbao mbili alikuwa anapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya kiungo, taratibu, akiangalia pembeni kama mtu anayesikiliza redio. Ukucha ukikwama, anafungua na kuanza tena, hata kama mteja amesimama hapo na pesa. Usipokwama anasema, "Imelala." Hiyo ndiyo sifa kubwa niliyowahi kusikia kinywani mwake. Mimi hakuwahi kuniambia, kwa sababu nilikuwa mtoto na mbao zangu zilikuwa za kuchezea. Tulikimbia nikiwa na miaka kumi na moja, na yeye hatukumwona tena. Kwa hiyo kijana akiniambia anataka chuma na chuma vilale, ananigusa mahali ambapo mimi si mfanyakazi wa vijana. Mimi ni mtoto amekaa kwenye takataka za randa.

Ijumaa jioni Fundi aliomba tupa bapa aende nayo nyumbani. Sheria ya kituo ni kwamba vifaa havitoki. Kikitoka, mfanyakazi anasaini daftari na kuandika sababu. Nilisaini. Kwenye sababu niliandika "taa."

Alifanya kazi Jumamosi nzima kwenye kizingiti cha mama yake. Hana jiriwa, kwa hiyo alikibana kichwa katikati ya vipande viwili vya ndala kuukuu, shaba isikwaruzike, na kuvikanyaga kwa kisigino. Aliona kwamba pini ya katikati, ile inayochomoza chini ya kichwa, ndiyo inagusa betri mapema na kuzuia kichwa kushuka. Akaanza kuipunguza. Anapitisha tupa mara tatu, anafuta vumbi, anafunga, anaangalia mwanya, anafungua, anapitisha tena. Halafu msasa laini na maji. Nilikuwa nimeandika hapa kwamba aliikata harakaharaka, na ndipo aliponirekebisha mara ya kwanza. "Yaya, usiniandike kama mtu wa haraka. Nilienda polepole kabisa. Ndiyo maana ilikaa." Ana haki. Ingekuwa ni mtu mzembe, mwanya ungebaki na mkono wake ungekuwa mzima.

Jumapili baada ya kanisa nilipita kwao, saa kumi hivi. Alikuwa amelisugua bomba kwa jivu na ndimu mpaka linakuuma macho.

"Yaya, angalia kwanza. Hata ukucha haiingii."

Nilipitisha ukucha. Nilizungusha bomba lote, nikarudia. Haukukwama popote. Ulikuwa kama unapita juu ya chuma kimoja. "Imelala," nikamwambia. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu neno hilo.

Aliweka betri. Ya mwenyewe haikuwepo, alibaki nayo, kwa hiyo Fundi alichukua moja ya laptopu aliyoichaji kwa sola mpaka volti 4.2, imejaa. Alibonyeza kitufe mara moja. Hakuna kitu, koili haikuwaka. Akasema labda pamba, ama waya wa koili haujakaza. Na kichwa alikuwa amekipima kwa testa asubuhi, kilisoma nusu omu, sawa kabisa. Wala testa haikukosea, koili ilikuwa nzima. Akalisimamisha bomba kwenye kistuli, limesimama wima kama mshumaa, nione vizuri kiungo kwa pembeni mwanga ukipiga. Mama yake alikuwa anamimina chai.

Kitufe cha ile kitu kiko chini. Sisi wote tuliliona bomba limesimama, na hakuna aliyefikiri kwamba limesimama juu ya kitufe chake.

Sehemu hii naandika kwa ufupi maana mama yake ataisoma. Labda dakika haikuisha. Fundi alilishika, akasema limepata moto, akajaribu kufungua kichwa. Kilikuwa kimekaza. Likatoka sauti kama ya kufungua soda, halafu moshi, halafu moto mdogo mweupe kutoka pembeni ya kiungo, pale pale penye sifa. Alikimbia nje nalo akalitupa mchangani mbali na watoto. Hilo nataka lijulikane: hakuliachia ndani. Hatua nne au tano alizipiga akiwa amelishika, kwa sababu mlangoni walikuwa wamekaa wadogo zake wawili.

Jirani mmoja alikuja na dawa ya meno apake. Nilimkataza, nilikumbuka mafunzo: maji safi, ya kawaida, dakika ishirini. Maji yaliyokuwepo ni jerikeni moja ambayo mama alikuwa amepanga foleni kuipata asubuhi, na bomba la bloku linafunguliwa kwa saa. Tuliimimina yote kwenye kiganja chake, kidogo kidogo, kikombe kwa kikombe, maji yanaingia mchangani. Mama hakusema kitu kuhusu maji. Jerikeni ilipoisha jirani yule wa dawa ya meno akaleta yake. Kisha tukapanda bodaboda watatu mpaka hospitali.

Bandeji ilipoondolewa, wiki kadhaa baadaye, Fundi aliniambia twende tukalitafute lile bomba. Mama alikuwa amelifukia. Tulilichimbua, tukalisafisha, betri ilikuwa imepasuka tumboni, lakini bomba na kichwa vilikuwa vizima. Alichokifanya hapo, kwa mkono wa kushoto, ndicho kinachonifanya niseme huyu mtoto angekuwa mbali kama angezaliwa mahali pengine. Alichonga kijiti cha urefu wa milimita 65 na unene wa milimita 18, kama betri ya mti. Alipaka masizi ya sufuria chini ya kichwa, sehemu yote inayoingia kwenye bomba. Aliweka kijiti ndani, akafunga mpaka mwisho, akafungua. Kwenye ncha ya kijiti kulikuwa na nukta katikati, na kuzunguka nukta kulikuwa na duara. Kama jicho.

Nukta ni pini. Hiyo ndiyo inatakiwa kugusa chanya ya betri. Duara ni ukingo wa meno ya kichwa, na ukingo huo umeungana na bomba lote. Katika vepu ya aina hii bomba lenyewe ndilo waya wa pili, linarudisha umeme kwenye hasi ya betri kupitia kitufe. Kwa hiyo kichwa kilivyokuwa mwanzo, na pini yake ndefu na mwanya wake mbaya, pini peke yake iligusa betri na ukingo ulibaki juu, haugusi. Mwanya ulioonekana nje ulikuwa kivuli cha mwanya mwingine ndani, na ule wa ndani ndio uliokuwa unazuia shoti. Fundi alipopunguza pini mpaka ikawa sawa na ukingo, vyote viwili vikagusa chanya kwa pamoja. Betri za laptopu ni bapa juu, hazina kile kichuchu cha betri za redio, kwa hiyo ziligusa vizuri zaidi. Kitufe kikibonyezwa, umeme haupiti tena kwenye koili. Unapita njia fupi, kwenye chuma kitupu.

Kwenye koili ya nusu omu, volti 4.2 inatoa ampea nane na kitu. Hata hizo tayari ni nyingi kwa betri ya laptopu, ambayo imezoea kutoa kidogo kidogo kwa muda mrefu. Kwenye shoti hakuna nusu omu ya kuuzuia umeme, ni makumi ya ampea, na springi ya kitufe inapata moto na kulegea, kitufe kinaganda ndani. Wala testa isingetuonyesha. Testa ilipima kichwa peke yake, na kichwa peke yake kilikuwa salama. Bomba peke yake salama. Hatari ilikuwepo tu vikikutana.

"Nilipaswa kushusha chini," Fundi akasema. "Kuko skrubu ya kitufe kule chini, ilikuwa imeshikwa na kutu. Ningeitoa ile, betri ingeshuka, kichwa kingekaa, na pini singeigusa." Halafu akaangalia kijiti tena. "Lakini hii ya juu ilikuwa rahisi kuiona."

Sasa fomu.

Jumatatu asubuhi, Fundi akiwa bado hospitali, niliitwa kuandika tukio. Kwenye karatasi kuna mstari wa chanzo. Niliandika: betri ya simu iliyovimba ililipuka akiitengeneza nyumbani. Nilijiambia nafanya hivyo kwa ajili yake. Jina lake lilikuwa limepelekwa kwenye mafunzo ya ufundi umeme Lodwar, kilomita 120 hivi kutoka hapa, alikuwa anangojea hata karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, na nilijua neno vepu likiingia kwenye faili yake hakuna atakayesoma kwamba ana pumu na hakuwahi kuivuta. Hiyo ni kweli. Lakini kama ingekuwa hiyo tu, ningekwenda kwa mkubwa wangu kumweleza kwa mdomo. Sikwenda, kwa sababu chini ya mambo yote kulikuwa na daftari lenye saini yangu na neno "taa." Niliogopa kwa ajili yake kidogo, na kwa ajili yangu sana.

Wale waliosoma fomu walifanya kitu cha maana kwa habari waliyopewa. Kama betri za simu zinalipuka mikononi mwa vijana, unazuia betri. Baada ya wiki mbili ikaja barua: hakuna betri yoyote isiyo ndani ya kifaa kituoni, na shughuli za meza zisimame. Siwalaumu. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo. Laptopu mbovu zikaacha kuja. Testa ikafungiwa kabatini. Mlango ukarudishwa stoo, ukawa mlango tena, bado una alama nyeusi za chuma cha kuchomelea.

Vijana walikuwa tisa. Wawili wameingia bodaboda. Mmoja alirudi shule, huyo afadhali. Wanne nawaona kila siku chini ya mathenge karibu na laga, wanacheza karata, na nikipita wananisalimia kwa heshima ambayo inanichoma. Binti mmoja tu alikuwa kwenye kundi, alikuwa mzuri kwenye redio kuliko hata Fundi, anasikiliza kelele ya redio na kukuambia ni waya upi. Baba yake alikuwa amekubali aje kwa sababu ni kituo, kuna mtu mzima, kuna muda wa kurudi. Aliniambia baba hatamkubalia kukaa kwenye kibanda cha fundi wa simu sokoni, na ni kweli hatamkubalia. Wa tisa ni Fundi.

Na uongo ukatembea. Bloku nzima ikasikia simu imelipuka. Kina mama wakaanza kulaza simu zao nje usiku, kwenye dirisha ama juu ya jerikeni, zisiwaunguze watoto. Simu mbili zikaibiwa. Mama yake Fundi ndiye aliyekuja kwangu. Alikaa, akakataa chai, na kwa mama wa kwetu kukataa chai ni barua nzima.

"Mwanangu, batu banasema mtoto wangu aliunguzwa na simu. Mimi nilikuwa pale. Nilikuwa nimeshika birika. Nani alisema simu?"

Nilimwambia ni mimi. Alinyamaza muda mrefu.

"Maji yangu ya siku ile sikukudai," akasema. "Hii nitakudai."

Mwezi wa pili mwaka huu nilienda kwa mkubwa wangu na lile bomba kwenye mfuko wa plastiki, na kijiti, na daftari. Nilimweleza tangu mwanzo. Nilifikiri nitafukuzwa siku ile, nilikuwa hata nimeshaaga nyumbani kwa namna fulani. Aliuliza maswali mengi kuhusu duara la masizi. Nilipata barua ya onyo, ya haki, naikubali. Fomu mpya imeandikwa na ya zamani imeambatanishwa nyuma yake. Kuhusu meza, akasema uamuzi hauko kwake, uko juu, na juu wanataka maelezo ya usalama kabla ya kufikiria. Tumeyaandika mimi na Fundi na yule binti wa redio, kurasa tatu kwa mkono: betri yenye gamba lililochanika haiguswi, betri inapimwa kabla haijaingia kwenye kitu, kijiti kinaingia kabla ya betri, ndoo ya mchanga iwe karibu, na kifaa chenye kitufe chini hakisimamishwi. Zimepelekwa. Wewe unayesoma hapa ukiwa na beji shingoni, kama zimefika mezani kwako, ni zile zilizoandikwa kwa wino wa kijani, kwa sababu kalamu ya buluu iliisha.

Mwenye bomba alishaondoka na wakandarasi wake. Hakulipa 1,500, na hatukumdai.

Kidole kidogo cha mkono wa kulia cha Fundi hakinyooki sawasawa, na ngozi ya kiganja inavutika akishika kitu kinene. Hapo ndipo tulipobishana, mimi nilitaka kuandika zaidi, yeye akasema inatosha. Jina lake la Lodwar bado liko kwenye orodha.

Juzi alikuja kuniomba tupa bapa. Taa ya mama yake, kifuniko cha betri hakifungi, kinatakiwa kupunguzwa ukingo. Nilifungua daftari, nikaandika kifaa, tarehe, na sababu, halafu nikatoka naye mpaka kwao, nikakaa kwenye kizingiti. Alifanya kazi polepole kama kawaida yake, sasa anashika tupa kwa mkono wa kushoto na kuisukuma kwa kiganja cha kulia. Alipomaliza akafunga kifuniko, akanisogezea taa.

"Yaya, hupimi na ukucha?"

Nikamwambia anipe kijiti kwanza.